Ndege ya abiria yenye umbo lisilowezekana: kosa lake limejificha wapi?

MchoraMistari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Kuna ndege nimekuwa nikiichora kwa muda mrefu, na nimefika mahali peke yangu sisongi. Naiita Pembetatu. Ni ndege ya abiria, ina viti, vyoo, jiko na makabati ya mizigo kama nyingine zote. Tofauti iko kwenye bodi. Badala ya mrija mmoja ina mirija mitatu, kila mmoja una urefu wa mita 30 na unene wa mita 4, na inakutana miwili miwili kwenye kona za nyuzi 90. Unaingia kwa mlango wa mbele, unatembea mrija wa kwanza hadi mwisho, unakata kona. Unamaliza wa pili, unakata kona. Unamaliza wa tatu, unakata kona, na umesimama tena kwenye mlango ule ule ulioingilia.

Aliyesoma hesabu za sekondari ameshaona shida. Pembe za pembetatu bapa zina jumla ya nyuzi 180, na zangu zinafika 270. Lakini kwenye karatasi ndege inachoreka, na jicho linaikubali bila kugoma.

Umbo lenyewe si langu. Msanii wa Uswidi, Oscar Reutersvärd, alilichora mwaka 1934 kwa kupanga vijimchemraba. Mwaka 1958 Lionel Penrose, daktari wa magonjwa ya akili, na mwanawe Roger walilichapisha kwa mihimili mitatu iliyonyooka katika jarida la saikolojia la Uingereza, na jina la Penrose ndilo lililoshika. Roger ni huyo huyo aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2020.

Mimi nimeongeza mabawa na viti tu. Kinachoninyima usingizi ni hiki: nimekagua ndege nzima kipande kwa kipande. Ukiziba kona mbili kwa kiganja, ya tatu iliyobaki ni kona halali ambayo fundi yeyote mzuri anaweza kuiunga. Kila mrija ni mrija halali. Sasa kama kila kipande ni halali, kosa liko kipande gani? Naomba mtu aweke kidole kwenye mchoro aseme: hapa.

KitiChaDirishani

Naweka kambi. Mkuu, swali hili nimelibeba tangu nilipoona umbo hilo kwenye kitabu cha shule, na sijawahi kupata wa kunijibu.

FundiBodi

Mkuu Mchora, mimi ni mtu wa karakana, miaka yangu mingi imepita kwenye mabati na ribiti za bodi za ndege. Nitakujibu kama ninavyomjibu kijana anayejifunza kazi: niletee mchoro wa pili.

Kwetu hakuna kipande kinachokatwa kwa kutazama picha moja. Kila kitu kinachorwa kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni, na vipimo vya michoro yote mitatu lazima vikubaliane. Sababu ni kwamba picha moja haijui umbali. Nukta mbili zinaweza kugusana kwenye karatasi huku kati yake kuna nafasi ya kupitisha lori.

Chukua Pembetatu yako. Tuseme mrija wa kwanza unaenda mbele, wa pili unaenda kushoto, wa tatu unaenda juu. Sasa ichore ukiwa juu yake. Kisha ubavuni. Kisha mbele. Utuletee ulichokipata, usikisahihishe.

Jambo moja nililisoma zamani linahusu fani yetu moja kwa moja. Ule uma wa meno matatu ambao ukifuata meno kurudi kwenye shina unakuta mawili, uliingia kwenye jarida la saikolojia la Marekani mwaka 1964 kupitia mtu aitwaye Schuster. Alisema aliuona kwenye kurasa za matangazo za jarida la usafiri wa anga. Kwa hiyo maumbo haya na ndege wamejuana siku nyingi.

MchoraMistari

Fundi, nimefanya kama ulivyosema na nimekaa kimya muda mrefu nikiitazama karatasi.

Kutoka juu: mrija wa kwanza na wa pili vinafanya herufi L, na wa tatu, kwa kuwa unasimama wima, ni duara tu kwenye ncha ya L. Kutoka ubavuni: L. Kutoka mbele: L. Michoro mitatu, L tatu, na hakuna pembetatu popote.

Kisha nikapiga hesabu. Mita 30 mbele, 30 kushoto, 30 juu. Umbali kutoka mlango nilioingilia hadi mahali ninapoishia ni 30 mara kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu mita 52. Ndege yangu haijafungana. Ina pengo la mita 52, na pengo hilo limelala sawasawa kwenye mstari wa jicho langu, ndiyo maana sikuliona. Ukitazama kando ya mstari huo, ncha mbili zinaangukiana na picha inafunga.

FundiBodi

Sasa una ndege. Iliyofungana haikuwepo, ila hii yenye pengo ipo na inaweza kutengenezwa. Mjini Perth, Australia, tangu mwaka 1999 upo mnara wa alumini wenye urefu wa takriban mita 13 uliojengwa hivyo hivyo. Ukisimama mahali pamoja unaona pembetatu ya Penrose iliyokamilika. Ukisogea, inafunguka na kuonyesha ncha zake.

DadaMhudumu

Kaka Mchora, natoa neno kama mtu anayefanya kazi ndani ya mrija.

Wewe umehesabu mita, mimi nahesabu miguu ya watu. Mrija wa tatu unasimama wima. Nani atakaa humo? Vitu vitatoka jikoni vishuke mita 30? Hata kwenye ndege ya kawaida, watu wengi hawajui kwamba tukiwa juu tumetulia, pua inakuwa imeinuka kidogo, nyuzi mbili au tatu hivi. Kwenda mbele na toroli lililojaa ni kupanda mlima, na breki ya toroli hatuisahau hata mara moja. Nyuzi tatu tu zinatosha kukuumiza mgongo. Wewe unaniletea tisini.

La pili ni dharura. Kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu, lazima ithibitike kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki, gizani. A380, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili ya Airbus, ilifanyiwa jaribio hilo mwaka 2006: watu 873, wakiwemo wafanyakazi 20, walitoka ndani ya sekunde 78. Na milango jirani ya upande mmoja haitakiwi kuachana zaidi ya futi 60, yaani kama mita 18. Hebu niambie abiria wa mrija wa tatu anatokea wapi.

MchoraMistari

Dada, la kwanza nina jibu. La pili bado.

Nimegundua nilikuwa nimeikalisha ndege vibaya. Badala ya kulaza mirija miwili na kusimamisha mmoja, nimegeuza ndege nzima hadi ule mstari wa pengo, ule wa mita 52, ndio usimame wima. Mirija yote mitatu sasa inainama sawa, kama nyuzi 35 kila mmoja. Huo ni mwinamo wa ngazi za kawaida za nyumba. Kila mrija unapanda mita 17.3, na mitatu ukiijumlisha unapata 52. Ndani panakuwa na ngazi na viti vimepangwa kwa vidato, hakuna aliyelala ukutani.

Na ukiitazama kutoka chini kabisa, unaona pembetatu ya pande sawa, kila upande mita 24.5, imefunga.

Nilipofika hapo nikatambua kwamba nimeichora ngazi ya Penrose bila kukusudia, ile inayozunguka na kushuka daima bila kufika chini. Pembetatu ile na ngazi ile ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Kwa kweli kote ni parafujo, msokoto unaopanda, uliotazamwa kutoka upande pekee ambao upandaji hauonekani.

KitiChaDirishani

Swali la mtu asiye mtaalamu. Tuseme imefungana kweli, hakuna pengo. Mtu akishuka ngazi daima anarudi alipoanza. Kwa nini hilo ni baya? Wahudumu wangeshukuru, toroli lingejiendea lenyewe.

MwalimuWaHesabu

Ndugu wa dirishani, umeuliza jambo zito. Toroli lingejiendea, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Likishuka mita 52 bila breki na bila msuguano, linafika kasi ya mita 32 kwa sekunde, yaani kilomita 115 kwa saa. Lakini lipo pale pale lilipoachiwa. Mzunguko wa pili linafika kilomita 162 kwa saa. Wa tatu zaidi. Nishati hiyo inatoka wapi? Hakuna aliyesukuma, hakuna mafuta yaliyochomwa. Kanuni ya uhifadhi wa nishati inasema ukirudi pale pale, mvutano wa dunia haukudai wala huudai. Kwa hiyo ngazi ya namna hiyo imekatazwa na fizikia mbali na jiometri.

Lakini sitaki kumkatisha tamaa Mchora, maana neno "haiwezekani" limetumika haraka mno. Haiwezekani wapi? Marubani wenyewe wanapaa kwenye jiometri ambayo darasani tuliambiwa haipo. Ondoka Ncha ya Kaskazini, shuka moja kwa moja hadi ikweta, kama kilomita 10,000. Geuka kushoto nyuzi 90, fuata ikweta kilomita 10,000. Geuka kushoto tena nyuzi 90, na kilomita 10,000 zinakurudisha ulikoanzia, ukikata njia yako ya kwanza kwa nyuzi 90. Pembe tatu za mraba, jumla nyuzi 270, kama Pembetatu. Ni safari ya kama saa 33 kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, na hakuna kipimo kilichodanganya. Uso wa dunia si bapa, basi.

Hata nafasi tunayoishi ndani yake haiko bapa kabisa. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, uzito wa dunia unapinda nafasi kiasi kwamba nusu kipenyo cha dunia ni kirefu kuliko eneo la uso wake linavyodai, kwa takriban milimita 1.5. Dunia ni kubwa kidogo ndani kuliko inavyoonekana nje. Milimita moja na nusu haitafunga pengo la mita 52, lakini si sifuri.

Nipeni hadi kesho, nataka kumtafutia Mchora anga ambamo ndege yake inafunga.

MwanaChupa

Wakuu, wakati tunamsubiri Mwalimu, kwa nini tusiachane na pembetatu tukachukua chupa ya Klein? Felix Klein aliieleza mwaka 1882. Ni uso mmoja usio na ndani wala nje. Bodi ya ndege yenye umbo hilo haina kuta za kugawanya abiria na mawingu.

FundiBodi

Mwana, hilo neno lako la mwisho ndilo linaloiua.

Bodi ya ndege ni chombo cha kutunza presha kabla haijawa kitu kingine. Kwenye mwinuko wa mita 11,000 presha ya hewa nje ni kama robo tu ya ile ya usawa wa bahari. Ndani tunaitunza iwe kama umesimama kwenye mlima usiozidi mita 2,400. Ile tofauti ndiyo inayosukuma kuta usiku kucha. Chombo kisicho na ndani hakina pa kutunzia. Hewa itatoka bila hata kutafuta tundu. Na ukitaka kuijenga chupa hiyo katika nafasi yetu lazima shingo yake itoboe ukuta wake yenyewe, kwa hiyo bado una kiungo, na kiungo ndicho kinachovunjika.

Nizungumzie viungo, maana hapa kuna watu walikufa na fani yetu haitakiwi kusahau. De Havilland Comet ilianza kubeba abiria mwaka 1952, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti. Mwaka 1954, Januari na tena Aprili, mbili zilipasuka angani juu ya bahari karibu na Italia. Wachunguzi wa kituo cha Farnborough, Uingereza, walichukua bodi ya Comet nyingine, wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakaijaza presha na kuitoa, wakaijaza na kuitoa, hadi ikapasuka. Ilikuwa imefikisha mizunguko 3,057 ukijumlisha na safari zake za kweli. Ufa ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa kwenye bodi. Mzigo ambao ukuta mzima unaugawana kwa upole unakusanyika kwenye kona kali, na metali inachoka. Ndiyo maana dirisha unalochungulia leo lina kona za mviringo.

Sasa Mchora anataka kona za nyuzi 90 za bodi nzima, si za dirisha. Presha ndani ya mrija uliopinda inajaribu kuunyoosha. Kila ndege ikipaa kona zinavutwa, ikitua zinaachiwa, maelfu ya mara. Mkuu, hata yenye pengo, kona zako zizungushe. Zifanye ziwe na mkunjo mpana, ikiwezekana wa mita sita au zaidi. Jicho la aliye chini halitaona tofauti kubwa, lakini metali itaona.

MchoraMistari

Nimezizungusha, Fundi. Zimependeza hata kuliko zile za mwanzo.

Kuhusu mabawa sina mengi. Mabawa yaliyofunga pete yalishajaribiwa: Louis Blériot aliunda ndege yenye mabawa ya duaradufu mwaka 1906 na haikupaa, na mwaka 1913 ndege ya Lee na Richards yenye bawa la pete ilipaa kweli. Nimeziwekea kona zangu tatu mabawa mafupi. Kilichonifurahisha ni kitovu cha uzito: nikikipiga hesabu kinaangukia katikati kabisa ya msokoto, hewani, mahali pasipo na bati hata moja.

MwalimuWaHesabu

Nimerudi, na nimelipata anga.

Chukua nafasi ya kawaida, bapa, yenye kanuni zote za shuleni. Badili jambo moja tu: amua kwamba ukienda mita 52 juu, unakuwa umerudi pale pale. Hujarudi mahali panapofanana, umerudi mahali hapo hapo. Mbele na nyuma, kushoto na kulia, viko vile vile bila mwisho. Ni juu na chini tu ndiko kumejirudia. Kwenye anga hilo mrija wa tatu wa Mchora ukifika mita 52 unakuta mlango wa mrija wa kwanza, kwa nyuzi 90 kamili. Pengo halipo. Hakuna kipande kilichopindwa, hakuna kona iliyodanganya. Ndege imefunga.

Keti humo uchungulie kwenye dirisha la paa. Mita 52 juu yako kuna tumbo la ndege kubwa ya mirija mitatu. Ni ndege uliyomo. Juu yake iko tena, mita 104, na tena, mita 156, kuendelea hadi macho yanapochoka. Chini ni vivyo hivyo, migongo ya ndege imepangana kama vidato. Ukiweka taa nyekundu kwenye paa, unaiona ikiwaka chini ya miguu yako.

Nilifurahi sana hadi nilipojiuliza inapaa kwenda wapi. Anga linalojirudia kila mita 52 halina mwinuko wa mita 10,000. Ukipanda mita 52 umerudi kwenye njia ya kurukia. Hakuna juu. Hewa haiwezi kupungua kadiri unavyopanda, maana kupanda kunakurudisha. Na lile toroli la ndugu wa dirishani linaongeza kasi bila kikomo.

Kwa hiyo, Mchora, anga linaloifunga ndege yako ni anga ambalo ndege haina kazi. Nimejaribu kulikwepa hilo jana yote sikuweza.

KitiChaDirishani

Nimesoma hii mara tatu. Ile taa nyekundu chini ya miguu imenikaa kichwani.

MchoraMistari

Mwalimu, asante kwa kulichukua jambo hili kwa uzito. Lakini bado hujanijibu swali la kwanza. Kwenye nafasi yetu hii, kosa liko wapi? Nimeona kwamba halifungi. Sijaona linapoishi.

MwalimuWaHesabu

Nitakujibu kwa mabaharia. Msafara wa Magellan ulipokaribia kumaliza kuizunguka dunia, Julai 1522, meli iliyobaki ilitia nanga visiwa vya Cape Verde. Kwenye daftari lao ilikuwa Jumatano. Nchi kavu waliambiwa ni Alhamisi. Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika kila siku bila kuruka, alishangaa sana. Siku moja imepotea. Alikosea siku gani? Hakukosea hata moja. Kila siku aliihesabu sawa, kutoka jua hadi jua. Kwa kuwa walikuwa wakielekea magharibi, kwa wastani kila siku ilikuwa ndefu kwa zaidi kidogo ya dakika moja, na dakika hizo hazikuwa kosa la siku yoyote. Zilionekana pale tu mduara ulipofungwa.

Leo tumelipa kosa hilo makao: tumechora mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki. Lakini mstari huo ungeweza kuwekwa popote. Kilicholazimika ni uwepo wake. Mahali pake tulipachagua sisi.

Pembetatu iko hivyo. Kwenye kila kona mchoro unakuambia mrija unaofuata uko mbali na jicho kwa kiasi fulani zaidi. Kona ya kwanza inasema kweli, ya pili kweli, ya tatu kweli. Jumlisha mzunguko mzima ulitakiwa upate sifuri, unapata mita 52. Kosa halina kipande chake. Ni mali ya mzunguko. Roger Penrose mwenyewe alirudi kwenye umbo hilo mwaka 1992 akaonyesha kwamba tawi la hisabati liitwalo kohomolojia, linalochunguza hasa vitu vilivyo sahihi mahali popote ila si kwa ujumla, ndilo linalolipima.

Kwa hiyo swali lako "kipande gani" halina jibu. Swali lenye jibu ni "unataka kukata wapi".

FundiBodi

Mwalimu, nimeipata, na nitaisema kikarakana. A380 hiyo hiyo aliyoitaja dada ilichelewa sana mwaka 2006. Ina waya zaidi ya kilomita 500. Waliochora Hamburg, Ujerumani, na waliochora Toulouse, Ufaransa, walikuwa wakitumia matoleo tofauti ya programu ile ile ya kuchorea. Kila upande michoro yake ilikuwa inakubaliana. Siku ya kuunganisha vipande, waya zikawa fupi, hazikufika kwenye viunganishi vyake. Ukimkagua fundi mmoja mmoja, kila mmoja alifuata karatasi yake. Upungufu ulikuwa kwenye mzunguko.

Ndiyo maana mimi simwamini mkaguzi wa sehemu peke yake. Lazima awepo mtu anayetembea kuzunguka ndege nzima, arudi alipoanzia, na kipimo chake kisome sifuri.

DadaMhudumu

Mimi bado nipo kwenye mlango wangu. Ndege ikiwa imesimama uwanjani, ncha ya juu iko mita 52 kutoka ardhini. Mkia wa A380 una mita 24 tu. Hakuna mtelezo wa dharura wa kutoka huko. Msiponijibu hili, viti vya mrija wa tatu vibaki vitupu.

MchoraMistari

Dada, sina jibu, na sitatafuta la kukuridhisha kwa maneno. Mrija wa tatu hautabeba watu. Utabeba mizigo na mafuta. Mrija wa pili utakuwa na watu nusu ya chini tu, na bado nitakuletea hesabu za milango uzikatae au uzikubali.

Pengo nimeamua liwe mlangoni. Mwalimu amesema naweza kulichagulia mahali, basi liwe pale mtu anapoingilia, aone tangu mwanzo kwamba juu ya kichwa chake, mita 52, kuna ncha nyingine. Ncha hiyo nitaikata mshazari ili kutoka chini iishie sawasawa kwenye ukingo wa mrija wa kwanza.

KitiChaDirishani

Na aliye chini ataiona ikiwa imefunga? Au itapita tu?

MchoraMistari

Nimepiga hesabu. Ikiwa mita 10,000 juu yako kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde, mwelekeo unaoitazamia unabadilika kama nyuzi 1.4 kila sekunde. Mrija una unene wa mita 4, kwa hiyo ncha mbili zitaonekana zimekutana ilimradi hujatoka nje ya nyuzi 2.2 upande huu au ule wa wima. Tofauti ya ukubwa kati ya ncha ya karibu na ya mbali ni nusu ya asilimia, jicho halitaishika. Uwe na darubini, na ndege ipite juu ya utosi wako kabisa.

Kwanza utaona msokoto wenye ncha mbili zinazokaribiana. Kisha zitagusana, na kwa sekunde tatu hivi utakuwa unaitazama Pembetatu, pande sawa, imefunga. Halafu itaanza kufunguka upande wa pili.

KitiChaDirishani

Sekunde tatu zinatosha. Weka michoro mitatu hapa, ile ya L, nianze kuikata kwa kadibodi.